Jinsi ya Kuisikiliza Santuri ya Tekno ya Minimali: Mwongozo Kamili

Anza na hesabu. Santuri ya inchi 12 kwa kawaida huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Zidisha kwa 4, unapata 133.3, na hiyo ndiyo kasi ambayo tekno nyingi, yaani muziki wa dansi unaotengenezwa kwa mashine, hupigwa: mapigo 133 hivi kwa dakika. Maana yake, sahani ikizunguka mara moja, kwa sekunde 1.8, ngoma kubwa inakuwa imepiga mara nne na sindano imerudi upande uleule ilikoanzia. Mashine na muziki vinakwenda mwendo mmoja. Tangu nilipoielewa hesabu hii, marudio ya muziki huu nimeyasikia kwa namna nyingine kabisa.

Kila ninapompigia mtu santuri hizi, lalamiko ni lilelile: "Mbona haibadiliki?" Inabadilika. Ila sikio lililozoea ubeti na kiitikio hukaa likisubiri kitu ambacho hakitakuja, na likiwa kwenye kusubiri huko linapitwa na yote yanayotokea. Tekno ya minimali hubakiza sauti chache, nne au tano, ili badiliko dogo kwenye sauti moja liwe tukio kubwa. Hatua zifuatazo zinalifundisha sikio mahali pa kutega. Zifuate kwa mpangilio. Ya tatu na ya nne ndizo zitakazokula muda wako, ziachie ziule.

Hatua ya 1: Ipe besi mahali pa kukaa

Spika ya simu weka kando. Uzito wa ngoma kubwa ya tekno uko chini kabisa, kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 40 hadi 100 hivi, na spika ndogo kiasi hicho haina uwezo wa kuzitoa. Utakachosikia ni vijiti vikigongana tu. Katika muziki wenye vitu vinne, kukosa kimoja ni kukosa robo ya kazi nzima.

Hedifoni zinazofunika sikio lote zinatosha kuanzia. Ukiwa na spika mbili, ziondoe kwenye kona za chumba, kwani kona hukuza besi ikavuma na kuyameza mapigo yanayofuata. Kaa mahali ambapo wewe na spika mbili mnafanya pembetatu. Sauti iwe ya wastani. Sikio likizidiwa huchoka, na vinavyopotea kwanza ni vile vidogo vya juu tulivyovijia.

Hatua ya 2: Hesabu mpaka usihitaji kuhesabu

Mapigo manne ya ngoma kubwa tuyaite fungu. Wimbo ukiwa na kasi ya 128, fungu moja huchukua sekunde 1.875, na mafungu 16 ni sekunde 30 kamili. Sauti mpya huingia, na ya zamani hutoka, mara nyingi kwenye mpaka wa fungu la 8, la 16 au la 32.

Kunja kidole kimoja kila fungu linapoisha. Vidole vinane vikishakunjwa, anza upya. Fanya hivyo kwa wimbo mzima, hata kama unajiona unafanya kazi ya mtoto wa shule. Siku ya tatu au ya nne utajikuta umeinua kichwa sekunde moja kabla ya sauti mpya kuingia, bila kukunja kidole chochote. Hapo endelea mbele.

Hatua ya 3: Fuata toazi peke yake

Hapa ndipo wengi hupata ufunguo, kwa hiyo usikimbie.

Kwenye tekno kuna jozi ya matoazi madogo yanayofunguka na kufungika. Yakifungwa hutoa "ts" fupi; yakifunguliwa hutoa "tsss" ndefu, ambayo kwa kawaida huangukia katikati ya pigo na pigo la ngoma kubwa. Sauti hizi katika santuri nyingi zimetoka kwenye mashine ya ngoma ya Roland TR-909, iliyoingia sokoni mwaka 1983. Ngoma yake kubwa huzalishwa na saketi za umeme, lakini matoazi yake ni sauti za matoazi ya kweli zilizorekodiwa na kuhifadhiwa kidijitali ndani ya mashine. Ndiyo maana ngoma ni nene na ya mviringo ilhali toazi lina chembechembe kama mchanga.

Mashine hiyo ina kitufe cha kuzungusha kinachorefusha au kufupisha sauti ya toazi. Weka wimbo na kwa dakika tatu usisikilize kitu kingine ila urefu wa hiyo "tsss". Mtunzi mzuri huwa na kidole juu ya kitufe hicho: toazi linaanza kama tone, linarefuka kidogokidogo kwa dakika nzima, mpaka linagusa toazi linalofuata na kuwa kama upepo usiokatika. Kisha linakatwa ghafla. Ukilisikia tukio hilo mara moja tu, swali la "mbona haibadiliki" litakuwa limejijibu.

Sasa jambo gumu zaidi, la mchelewesho. Fungu lina hatua 16, na kwa kasi ya 128 kila hatua ina milisekunde 117 hivi. Mashine inaweza kuambiwa izicheleweshe hatua za jozi, yaani ya 2, ya 4, ya 6 na kuendelea, kwa milisekunde kumi au ishirini. Huwezi kuuhesabu muda huo, lakini mabega yako yanauhesabu. Bila huo, mdundo hutembea kama askari wa gwaride. Ukiwepo, unayumba na kuvuta.

Kujua kama upo, pigapiga meza kwa kidole kwa hatua 16 zilizo sawasawa ukifuata wimbo. Kidole chako kikiwa kinatangulia toazi kwa unywele kwenye hatua hizo za jozi, mchelewesho upo. Msimamo wangu ni huu: santuri ya minimali isiyo na uhai kwenye toazi haina kitu. Katikati ya miaka ya 2000 mtindo huu ulipata soko kubwa, zikatoka santuri nyingi zenye mibofyo mikavu iliyopangwa kwa rula. Waliozitengeneza waliondoa vitu lakini hawakuvishughulikia vilivyobaki. Ukianza na hizo utauchukia muziki wote, na hutakuwa na kosa.

Hatua ya 4: Tafuta duru zisizolingana

Tumesema fungu lina hatua 16. Chukua sauti moja, tuseme kengele ndogo, inayojirudia kila baada ya hatua 3. Kumi na sita haigawanyiki kwa tatu, kwa hiyo kengele haikutani tena na mwanzo wa fungu mpaka zipite hatua 48, yaani mafungu matatu. Ikijirudia kila hatua 5, itakutana baada ya mafungu matano. Kila hatua 7, baada ya mafungu saba. Zipige pamoja ile ya 3 na ile ya 5 juu ya ngoma ya kawaida: mkao wa mwanzo hauji tena mpaka mafungu 15 yaishe, karibu sekunde 28 kwa kasi ya 128.

Tazama uzuri wake. Mtunzi kapanga sauti tatu kisha kakunja mikono. Hajagusa kitu, na bado kila fungu unalolisikia limepangika tofauti na lililotangulia. Steve Reich, mtunzi wa Marekani, alifanya jambo la ukoo mmoja na hili mwaka 1965, alipoziachia kanda mbili zenye maneno yaleyale ziachane taratibu. Watu wa tekno walilipeleka jambo hilo mahali ambapo watu wanacheza.

Zoezi lake linahitaji mwili. Mguu ukanyage na ngoma kubwa. Kwa kidole, gonga goti kila hatua ya tatu: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, haraka. Mwanzoni mkono utauvuta mguu, au mguu utaushinda mkono. Punguza kasi, fanya bila muziki, kisha rudi. Ukishaweza kuvibeba vyote viwili, utasikia kwamba kengele ileile inaweza kusikika kama inakimbia au kama imetulia, kutegemea umeshikilia mguu au mkono. Kwangu hiki ndicho kivutio kikuu cha santuri hizi. Wimbo umesimama palepale. Anayehama ni msikilizaji, na kila anapohama anaona upande mwingine wa kitu kilekile.

Hatua ya 5: Sikiliza kilichoondolewa

Ngoma kubwa ikitoka kwa fungu moja tu, usiangalie pengo lenyewe. Angalia kilichokuwa kimejificha nyuma yake. Mara nyingi kuna mwangwi mdogo au besi iliyokuwa ikienda muda wote. Ngoma ikirudi, jaribu kukishikilia kile ulichokigundua. Ukiweza kukishika mpaka mwisho wa wimbo, hatua hii umeimaliza.

Hatua ya 6: Chagua santuri za kuanzia

Usianze popote. Anza Detroit, na Robert Hood. Alikuwa katika kundi la tekno la Underground Resistance, kisha mwaka 1992 akaanzisha lebo (kampuni ya kutoa santuri) ya Axis pamoja na mtunzi mwenzake, Jeff Mills. Wakati muziki wa rave, yaani wa dansi kubwa za usiku kucha, ulikuwa ukikimbilia kasi na makelele, Hood alipunguza. "Minimal Nation" ilitoka Axis mwaka 1994, na mwaka huohuo akaanzisha lebo yake mwenyewe, M-Plant. Sikiliza jinsi sintesaiza (ala ya umeme ya kuunda sauti) moja inavyobeba wimbo mzima kwa noti chache: hakuna zulia la sauti nyuma, hakuna mapambo, na bado kuna joto la mtu. Mashabiki wengi huanza na santuri za baadaye zilizo laini zaidi, kisha Hood wakamwona mkavu. Ukianza naye, hizo nyingine utazielewa zimetoka wapi.

Mwaka 1994 huohuo Daniel Bell, kwa jina la DBX, alitoa "Losing Control". Ndani yake kuna sauti ya mtu inayorudia maneno machache huku ikipindwapindwa. Itumie kwa zoezi la hatua ya tatu, ila badala ya toazi ufuate sauti hiyo.

Vuka mto kutoka Detroit na uko Windsor, Kanada, alikokulia Richie Hawtin. Kwa jina la Plastikman alitoa "Spastik" mwaka 1993, ambayo karibu yote ni ngoma za mashine ya TR-808 zikimiminika, hasa snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali), bila muziki wa kuimbika hata kidogo. Pigo kubwa linapoingia baada ya kucheleweshwa sana, utafahamu hatua ya tano kuliko nilivyoweza kuieleza. Halafu rukia "Consumed" ya mwaka 1998, ya polepole na yenye giza, uone mtu yuleyule alivyoondoa hata kile kidogo alichokuwa amebakiza.

Berlin ina habari yake. Moritz von Oswald na Mark Ernestus walianza kutoa santuri za Basic Channel mwaka 1993, zikiwa na vibandiko vilivyoandikwa karibu hakuna kitu. Wao walichukua hila za mafundi wa dub (rege iliyochanganywa upya) wa Jamaika, yaani mwangwi unaozaa mwangwi na sauti inayozamishwa na kuibuliwa kwenye miksa, mashine ya kuchanganyia sauti, wakaziweka juu ya mapigo ya tekno. Kwao kitendo kikuu hufanyika ndani ya ukungu. Mlio mmoja wa kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, unagongwa, na kazi yote iko katika namna unavyofifia. Sikiliza "Phylyps Trak" ukifuata mkia wa sauti tu, usijali mwanzo wake.

Köln alikuwapo mtunzi Wolfgang Voigt. Mfululizo wake wa Studio 1, wa katikati ya miaka ya 1990, hauna majina ya nyimbo. Kila santuri ilitajwa kwa rangi. Napendekeza ununue au usikilize moja tu kwa wiki nzima. Na Frankfurt ndiko ilikoanzishwa lebo ya Perlon, mwaka 1997, ambako minimali ilipata ucheshi na nyonga. Ricardo Villalobos, Mchile aliyekulia Ujerumani, ndiye jina kubwa la upande huo. "Fizheuer Zieheuer" yake ya mwaka 2006, iliyotoka lebo ya Playhouse, ina dakika 37 hivi na matarumbeta ya Balkani yanayokuja na kupotea. Hiyo iache mpaka mwisho. Asiyepitia hatua ya nne ataichoka kwenye dakika ya sita.

Hatua ya 7: Ielewe sahani yenyewe

Kwa muziki huu santuri ni sehemu ya ala, kwa hiyo inafaa kujua inavyofanya kazi.

Mfereji ni njia iliyochongwa ambayo sindano hupitia. Besi huchonga mfereji mpana unaoyumba sana. Upande ukiwa na dakika 10 au 12 tu, mifereji hupata nafasi, na besi inaweza kuchongwa kwa nguvu. Upande ukipita dakika 20, mifereji inalazimika kusongamana na sauti yote kushushwa. Ndiyo sababu santuri ya inchi 12 yenye wimbo mmoja kila upande inapiga kuliko albamu ya upana uleule. Mafundi pia huiweka besi katikati, sawa kushoto na kulia, maana besi iliyoegemea upande mmoja inaweza kuirusha sindano nje ya mfereji.

Kuna jambo jingine ambalo sikio lako sasa linaweza kulithibitisha. Sahani huzunguka kwa kasi ileile, lakini duara la ndani ni fupi. Ukingoni, mfereji hupita chini ya sindano kwa sentimita 50 hivi kwa sekunde. Karibu na kibandiko cha katikati, ni kama 21 tu. Sauti kali za juu hubanwa kwenye nafasi ndogo, na toazi hupoteza makali yake kadiri wimbo unavyokaribia mwisho. Linganisha dakika ya kwanza na ya mwisho ya upande mrefu.

Thomas Brinkmann, mtunzi wa Ujerumani, aliligeuza hili la sahani kuwa utunzi. Alitengeneza mashine ya santuri yenye mikono miwili, mmoja ukisoma upande wa kushoto wa sauti, wa pili ukisoma wa kulia, kwa tofauti ndogo ya muda. Kwa mashine hiyo alizipiga santuri za Studio 1, na pia zile za Concept 1, mfululizo ambao Hawtin alikuwa ameutoa kila mwezi kwa mwaka mzima wa 1996. Mdundo mmoja ukawa miwili inayofukuzana. Ni hatua ya nne, safari hii imefanywa kwa chuma na sindano.

Halafu kuna mfereji wa duara: badala ya kujisokota kuelekea katikati, unajifunga na kurudia sekunde zilezile 1.8 bila mwisho. Jeff Mills aliweka mifereji ya namna hii kwenye "Cycle 30" ya mwaka 1994. Kumbuka hesabu ya mwanzo: mzunguko mmoja, mapigo manne. Ukiipunguza mashine kasi, mzunguko na mapigo hupungua pamoja, na duara halivunjiki kamwe. Kwa kasi ya 45, mzunguko mmoja hutosha mapigo matatu ya muziki wa 135. Hilo nalo ni la kuchezea.

Hatua ya 8: Nunua na utunze

Ya mitumba ikague chini ya taa moja kali iliyoinamishwa. Mkwaruzo unaosikika kwa ukucha utasikika kwa sindano. Ule unaoonekana tu mara nyingi hauna madhara. Muziki wenye ukimya mwingi hauna pa kuficha makwaruzo, hivyo uwe mkali hapa kuliko ungekuwa kwa muziki mwingine. Futa vumbi kwa brashi laini kabla ya kupiga, ihifadhi ikiwa imesimama wima, na uzito wa sindano uweke kama mtengenezaji wa sindano alivyoelekeza.

Hatua ya 9: Weka mbili pamoja

Santuri nyingi za aina hii zilitengenezwa zikiwa nusu. Nafasi iliyo ndani yake imeachwa kwa ajili ya santuri nyingine. Kwa hiyo ukipata mashine mbili za santuri na miksa, jaribu.

Mashine ya Technics SL-1200MK2 inakuruhusu kuongeza au kupunguza kasi kwa asilimia 8. Wimbo wa 128 unaweza kushuka hadi karibu 118 au kupanda hadi 138, ila sauti nayo hushuka au kupanda, hivyo usizidishe. Anzisha ya kwanza. Ya pili isikilize kwenye hedifoni, sikio moja ndani na moja nje, na urekebishe kasi mpaka matoazi mawili yaache kukimbizana. Fuata matoazi, maana ngoma kubwa mbili zikikaribiana huzaa mvumo mmoja usioeleweka. Ingiza ya pili kwenye mpaka wa fungu la 16, besi yake ikiwa imefungwa. Kisha kwenye mpaka unaofuata, fungua besi yake na papo hapo funga ya kwanza. Besi mbili zisikae wazi pamoja.

Usiharakishe kuitoa santuri ya kwanza. Ziache zikae pamoja dakika tatu, nne, tano. Kengele ya huku na toazi la kule zitatengeneza mdundo wa tatu ambao haupo kwenye sahani yoyote kati ya hizo mbili.

Ukishaweza, weka mfereji wa duara upande mmoja na wimbo kamili upande wa pili. Ni mazoezi bora kuliko yote, kwa sababu upande mmoja haubadiliki na makosa yote utakayoyasikia ni yako. Ila usiuache upite dakika kumi. Sindano inapita palepale mara 33 kila dakika. Kwa dakika kumi ni mara 333, na plastiki huanza kulika. Inua mkono, sogeza kwenye mfereji wa jirani, anza tena.